Penye Kiungo Ndipo Panapovuja

Katika miaka yote niliyofundisha historia, kwanza shule ya msingi na baadaye chuo cha ualimu, vitabu vyetu vilijaa wafalme, vita, mikataba na majina ya wageni waliosemekana kuvumbua mito ambayo wenyeji walikwisha kuioga tangu enzi. Sisemi kwamba mambo hayo hayana maana. Nasema tu kwamba ipo historia nyingine, ndogo kwa umbo, ambayo haikupata sura katika kitabu chochote cha wanafunzi wangu, nayo yagusa maisha ya kila siku kuliko mikataba mingi. Mojawapo ni historia ya kiungo: mahali pale padogo, pasipozidi upana wa vidole viwili, ambapo mpira wa kumwagilia bustani hukutana na bomba la uani.

Kila mwenye bustani anapajua mahali hapo. Bomba ni zima, mpira ni mzima, lakini ukifungua koki maji yanachuruzika kwenye kiungo, yanalowesha ukuta na kufanya tope miguuni, na kule mwisho wa mpira, kwenye miche, yanafika machache tena hayana nguvu. Mara nyingi maji hayapotei katikati ya safari yake. Hupotea pale vitu viwili, vilivyotengenezwa na watu wawili wasiojuana, vinapotakiwa kushikana. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza, ndugu msomaji, kwa sababu naamini si jambo la bustani peke yake.

Tuanze na maneno yenyewe, maana maneno nayo ni vitabu. Bomba tumelipata kwa Wareno, ambao kwao ni chombo cha kuvutia maji. Koki imetoka kwa Waingereza. Mfereji, kama wanavyoliita bomba la maji ndugu zetu wengi wa Zanzibar, ulikuwa kwanza njia ya maji iliyochimbwa ardhini. Na mpira ulikuwa utomvu wa mmea kabla haujawa kitu cha kuchezea watoto au cha kupitishia maji. Kwa hiyo mtu anaposema, "Funga mpira kwenye bomba, kisha ufungue koki," amewakutanisha Wareno, Waingereza na watu wa pwani yetu katika sentensi moja. Si ajabu basi kwamba vitu vyenyewe haviafikiani upesi.

Mipira ya maji ya kwanza haikuwa ya mpira. Mwaka 1672, mjini Amsterdam, mchoraji aliyeitwa Jan van der Heyden, mtu aliyesifika kwa picha zake za mitaa na nyumba, alitengeneza mrija mrefu wa ngozi wa kuzimia moto, akisaidiana na ndugu yake Nicolaas. Kabla ya hapo mashine za zimamoto zilirusha maji kutoka pale ziliposimama, na mengi yaliishia ukutani au barabarani. Kwa mrija ule maji yaliweza kupelekwa mpaka ndani ya nyumba, kwenye moto wenyewe. Ngozi ilishonwa kwa vipande vya urefu wa futi 50 hivi, na kipande kiliungwa na kipande kwa viungo vya shaba. Tazama basi: siku ile ile mpira wa maji ulipozaliwa, kiungo nacho kilizaliwa, na taabu ya kuvuja ikazaliwa pamoja navyo. Mishono ya ngozi ilitoa maji, na ngozi yenyewe ilitaka kupakwa mafuta isikauke ikapasuka. Huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1807, watu walifikia kuacha uzi na kuifunga ngozi kwa ribiti za chuma, kama vile mtu anavyofunga masufuria.

Nafuu ilikuja na mpira wenyewe. Utomvu wake ulijulikana zamani, lakini ulikuwa na tabia mbaya: ukipata joto hunata kama ulimbo, ukipata baridi hukakamaa na kukatika. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa kisha ukapashwa moto mkali, hubaki ukinepa na kurudi katika umbo lake, kiangazi na kipupwe. Alipata hati ya ugunduzi huo mwaka 1844, na akafa mwaka 1860 akiwa na madeni. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1845, karakana ya Guest and Chrimes katika mji wa Rotherham, Uingereza, ilileta koki ya kuzungusha, ile ambayo ukiikaza inashuka na kukandamiza kipande laini juu ya tundu la maji. Koki nyingi za uani tulizonazo mpaka leo ni wajukuu wa koki ile. Kipande hicho laini ndicho mafundi wetu wanachokiita washa. Kipo ndani ya koki, na kipo kingine ndani ya kiungo cha mpira, mfano wa pete nyeusi. Chuma kwa chuma havizuii maji hata ukivikaza kwa nguvu za ng'ombe. Kinachozuia maji ni kile kilicho laini katikati yao.

Hata hivyo pete hiyo ndogo haikuja bure. Dunia ilipoanza kuutaka mpira kwa wingi, hasa baada ya magurudumu ya baiskeli kuanza kujazwa upepo mwishoni mwa miaka ya 1880, jirani zetu wa Kongo ndio waliolipa. Chini ya utawala wa Mfalme Leopold wa Pili, kati ya mwaka 1885 na 1908, vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira wa kuleta kutoka msituni, na walioshindwa walichapwa, wakachukuliwa mateka, wengine wakakatwa mikono. Kwetu Tanganyika Wajerumani walifungua mashamba ya mpira, mpaka bei ilipoanguka vibaya mwaka 1913 kwa sababu ya mpira mwingi uliotoka Asia. Sikumbushi haya ili mtu aone haya kumwagilia mchicha wake. Nakumbusha kwa sababu mtu akijua kitu kimepita wapi, hakitupi ovyo.

Sasa tuje kwenye nyuzi, au hesi kama wanavyosema wengine, yaani ile mikato inayozunguka mdomo wa bomba na kushikana na mikato iliyo ndani ya kiungo. Zamani kila karakana ya Uingereza ilikata nyuzi zake kwa kipimo chake. Skrubu ya mtaa huu haikuingia katika nati ya mtaa wa pili, na mashine ikiharibika ilibidi irudishwe kwa yule yule aliyeitengeneza. Mwaka 1841 mhandisi Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja kwa wote. Njia aliyoitumia yanipendeza kama mwalimu. Hakukaa mezani akabuni kipimo cha kichwani mwake. Alikusanya skrubu kutoka karakana nyingi, akazipima zote, akachukua wastani. Kila fundi alikuta kipimo kipya hakiko mbali sana na chake, na kwa hiyo hakuna aliyejiona ameshindwa. Pembe ya nyuzi zake ilikuwa digrii 55. Kutokana na kazi hiyo kikapatikana baadaye kipimo cha Kiingereza cha nyuzi za mabomba, ambacho ndicho kilichoenea kwetu Afrika Mashariki.

Ni kwa sababu hiyo sisi, tulioacha ratili na yadi tukahamia kilo na mita, bado twaenda dukani kuulizia bomba la nusu inchi na robo tatu. Tena jina hilo ni la adabu tu. Ukichukua rula ukapima nyuzi za nje za bomba la nusu inchi utapata milimita 21 hivi, wakati nusu inchi ya kweli haifiki milimita 13. Jina lilitokana na tundu la ndani la mabomba ya chuma ya zamani. Kijana anayetumwa dukani na rula bila kuelezwa hayo atarudi na kitu kisichoingia, na atalaumiwa bure.

Marekani nao walifuata njia yao. Mwaka 1864 William Sellers alipendekeza nyuzi za digrii 60, na taifa lile likashika hizo. Lakini kwa mipira ya zimamoto hata wao kwa wao hawakupatana. Kila mji ulinunua mashine zake na kukata nyuzi zake, mpaka yakawapo mamia ya namna za viungo katika nchi moja. Bei ya jambo hilo ililipwa Baltimore. Jumapili ya tarehe 7 Februari 1904 moto ulizuka katikati ya mji, na upepo ukauchukua. Wakuu wa mji walipiga simu za kuomba msaada, na msaada ukaja kweli: vikosi kutoka Washington, Philadelphia, New York na kwingineko, na mashine zao zikasafirishwa kwa treni. Watu walikuwapo, mashine zilikuwapo, maji yalikuwapo ndani ya mabomba ya mji. Lakini wageni wengi walipojaribu kufunga mipira yao kwenye mabomba ya Baltimore, nyuzi zilikataa. Moto uliendelea mpaka siku ya pili, na majengo zaidi ya 1,500 yakateketea.

Kila nikilifikiria tukio hilo nasita kidogo. Hapakuwa na uchoyo, maana majirani walikuja mbio. Hapakuwa na ukame. Kilichokosekana ni mapatano ambayo yangefanywa miaka mingi kabla, siku ya utulivu, na watu waliokaa mezani na kuulizana, "Mji wenu ukiwaka moto, tutaunga wapi?" Mwaka uliofuata, 1905, chama cha kitaifa cha kinga ya moto cha Marekani kilipitisha kipimo kimoja cha kiungo. Lakini hata baada ya miaka 100 miji mingi mikubwa ya nchi ile ilikuwa haijabadilisha mabomba yake yote. Mapatano huandikwa kwa siku moja; kuyatekeleza ni kazi ya vizazi.

Ugomvi huo wa nyuzi si hadithi ya mbali. Umefika uani kwangu ukiwa umefungwa katika boksi. Kijana wetu mmoja anayeishi Marekani alinitumia mpira wa kumwagilia, mzuri, mzito, wenye kiungo cha shaba kinachong'aa. Tulipoufunga kwenye bomba ulizunguka mara moja na nusu kwa raha, halafu ukagoma, na koki ilipofunguliwa maji yakatoka pande zote kama mwavuli. Fundi wa mtaani, kijana ambaye baba yake nilimfundisha, alikifungua kile kiungo, akakiweka kando ya kingine alichokuwa nacho kwenye mkoba, akavitazama juani.

"Shikamoo tena, Mwalimu," akasema huku akicheka. "Hapa hata tukaze mpaka kesho. Nyuzi haziendani. Huu ni wa kwao, bomba ni la kwetu."

Alikuwa sahihi kabisa. Kiungo cha mpira wa bustani cha Marekani kina nyuzi 11 na nusu katika kila inchi, na nyuzi za bomba la robo tatu la kipimo cha Kiingereza ni 14. Unene wao wakaribiana mno, ndiyo maana mtu hudanganyika. Vyaanza safari pamoja, kisha kila kimoja chashika njia yake. Dawa haikuwa kuongeza nguvu. Fundi alikata ile shaba, akatia kiungo cha kipimo chetu, na mpira wa Marekani ukakubali maji ya kwetu.

Kwa kuwa wasomaji wengine wana kiungo kinachovuja hivi sasa, nieleze kwa kifupi alivyofanya, maana ndivyo inavyofanywa popote. Kwanza hufunga koki na kukifungua kiungo chote, kisha huchungulia ndani kutafuta washa. Mara nyingi haipo, ilianguka majanini siku mpira ulipofunguliwa. Au ipo, lakini jua limeikausha ikawa ngumu kama pembe. Washa mpya hukaa chini kabisa, imelala sawasawa pande zote. Mchanga na kutu kwenye nyuzi husuguliwa kwa brashi. Kiungo hukazwa kwa mkono, na spana ikitumika ni kidogo sana, kwa sababu kukaza kupita kiasi huikata washa na kupasua kiungo cha plastiki. Ule utepe mweupe wa mafundi una mahali pake, pale bomba linapoingia ndani ya bomba na nyuzi zenyewe ndizo zinazotakiwa kuzuia maji. Kwenye kiungo cha mpira kazi ni ya washa, na utepe hauwezi kuifanya badala yake. Upande wa pili, kama ncha ya mpira imechanika, hukatwa kipande kibovu kwa kisu kikali, ncha ikachovywa katika maji ya moto ilainike, ikasukumwa mpaka ipite migongo yote ya kiungo, kisha ikabanwa kwa kibano. Asiye na kibano hukata utepe wa tyubu ya baiskeli, akauvuta sana huku akiuzungusha, na hushika vizuri kwa miezi mingi.

Mtu aweza kuuliza, je, matone haya yana uzito gani? Nilizoea kuwapa wanafunzi hesabu za namna hii. Weka kikombe cha mililita 250 chini ya kiungo kinachovuja. Kikijaa kwa dakika tano, umepoteza lita 3 kwa saa. Bomba likiachwa wazi usiku na mchana, ni lita 72 kwa siku, yaani ndoo tatu na nusu zile za lita 20. Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 iliweka lita 25 kwa siku kuwa kiasi cha chini cha mtu mmoja wa kijijini, ayapate mahali pasipozidi mita 400 kutoka kwake. Basi kikombe kile kimoja ni maji ya watu karibu watatu, na kila ndoo kati ya hizo ina kichwa cha mwanamke au cha msichana kilichoibeba mahali fulani.

Hapo ndipo habari ya bustani inapokuwa habari ya nchi. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango mkubwa wa maji vijijini, kwa lengo kwamba baada ya miaka 20 kila mwananchi apate maji safi karibu na nyumbani. Lilikuwa lengo tukufu, na marafiki wengi walikuja kusaidia: Wasweden Kanda ya Ziwa, Wafini Mtwara na Lindi, Waholanzi Shinyanga na Morogoro, Wadenmark Iringa, Mbeya na Ruvuma, Wanorwe Rukwa na Kigoma. Visima na mabomba mengi mema yalijengwa. Lakini kila rafiki alikuja na mashine alizozizoea. Pampu za mkono za Mtwara na Lindi hazikuwa zile za Shinyanga, na kipuri cha huku hakikufaa kule. Sikosi shukrani nikisema kwamba Baltimore, kwa namna yake, ilifika kwetu. Ilipofika 1991 lengo halikuwa limetimia, na mabomba mengi yaliyojengwa yalikuwa yamekauka.

Katika miaka yangu ya chuoni nilizunguka vijijini kukagua mazoezi ya kufundisha, na katika kijiji kimoja nilikuta bomba la nguzo ya saruji, imara, lisilotoa hata tone. Nilipouliza niliambiwa kwamba koki ilianza kuvuja, maji yakawa yanamwagika mchana kutwa na kutuamisha tope, hivyo mtu wa mamlaka akaja akafunga njia ya maji huko juu, akisema atarudi na kipuri. Wakati huo ulikwisha kupita mwaka. Darasani, mwalimu mwanafunzi wangu aliita majina, na wasichana wengi hawakuitika. Walikuwa mtoni. Washa ya koki ile ingeweza kukatwa kutoka kwenye kandambili iliyochakaa, na wazee wawili niliozungumza nao walilijua hilo vizuri. Lakini kwa mazoea ya siku zile bomba lilikuwa la serikali, spana ilikuwa ya wilaya, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kuligusa. Kiungo kilichovuja pale hakikuwa cha chuma. Kilikuwa kiungo kati ya aliyejenga na anayekunywa.

Sera ya mwaka 1991, na ile ya 2002 baada yake, zilikuja kulitambua jambo hilo, zikataka wananchi wawe na kamati na mifuko yao ya maji, na bomba liwe mali yao. Mwaka 2019 ukaanzishwa wakala wa maji vijijini, RUWASA, na vyombo vya watumia maji vikapewa nguvu ya sheria. Ni hatua njema. Hata hivyo sheria nayo ni chuma. Yahitaji kitu laini katikati: mtu anayejulikana kwa jina, aliyefundishwa, mwenye spana mkononi na kopo la washa chini ya kitanda chake, ambaye mama akimgongea alfajiri na kusema, "Mwanangu, bomba linavuja," hatahitaji barua kutoka popote ili ainuke.

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, wengi tuliielewa kuwa ni jembe na bustani ya shule. Tulilima, na tulivuna. Lakini bustani ile tuliimwagilia kwa ndoo au kwa mpira uliovuja, na sikumbuki somo hata moja ambalo mtoto alifundishwa kufungua koki, kutoa washa iliyokufa na kutia nyingine. Ni kazi ya dakika kumi. Mtoto wa darasa la tano aiweza, wa kike na wa kiume, na akiisha kuijua hataisahau maisha yake yote. Kama ningeulizwa leo jambo moja la kuongeza katika ratiba ya shule zetu, lingekuwa hilo, na palepale, koki ikiwa imefunguliwa mikononi mwa watoto, ningewasimulia mchoraji wa Amsterdam, misitu ya Kongo na moto wa Baltimore, ili wajue wameshika nini.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ningependa kuongeza kwamba ufa hauanzii popote tu. Tazama kwanza penye kiungo: kati ya mpira na bomba, kati ya mtoa msaada na mpokeaji, kati ya ofisi na kijiji, kati ya anayestaafu na anayeshika nafasi yake. Ukikuta panavuja, usikimbilie kukaza. Fungua, uchungulie ndani, uone ni kitu gani kidogo kilichokauka au kilichosahauliwa hapo katikati.